Daftari la wiki: Muuza maji kwenye kigae

Jumatatu. Rafiki yangu amerudi kutoka Hispania na kuniletea kigae kilichotengenezwa kwa mkono, mraba wa sentimeta 14 hivi. Nyuma ni udongo mtupu, mbele weupe wa maziwa, na katikati mwanamume aliyebeba pipa la maji begani. Uso wake ni nukta mbili na mstari mmoja wa brashi, basi. Lakini mgongo umechorwa na mtu aliyewahi kuutazama mgongo ulioelemewa: bega la kulia limeshuka, kiuno kimepinda upande wa pili, mkono usio na mzigo umetanuliwa kidogo ili mwili usiyumbe. Yeyote aliyewahi kuchota maji mbali na nyumbani anaujua mkono huo.

Nimekiinamisha dirishani. Kuna alama tatu ndogo zisizong'aa: ndipo kilipogusana na viguu vya udongo tanurini, kisigandane na chenzake. Weupe ule hutokana na bati, buluu na kobalti, kijani na shaba. Rangi hupakwa juu ya weupe ungali unga mkavu, nao huinywa papo hapo. Mkono ukiteleza, hakuna kufuta.

Barcelona walianza kutengeneza vigae vya namna hii karne ya 17, kila kigae kikionyesha kazi moja ya watu. Changu ni cha karne iliyopita, kimefuata mtindo huohuo. Neno lenyewe, azulejo, Wahispania walilipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyopata sahani na birika.

Jumatano. Bado namfikiria mtu wa pipa. Wauza maji wengi wa Madrid walikuwa wahamiaji kutoka Asturias na Galicia, kaskazini. Kazi hiyo ilitaka kibali cha jiji, na kila mmoja alikuwa na bomba la umma alilopangiwa. Alijaza pipa, akapanda ngazi za watu, akashuka, akarudi kujaza tena. Juni 24, 1858, maji ya mto Lozoya yalifika jijini kwa mfereji wa Canal de Isabel II, yakarushwa juu angani katika mtaa wa San Bernardo mbele ya umati. Siwezi kuulaumu mfereji, maji safi ni uhai. Ila miongoni mwa waliotazama lazima walikuwapo watu wenye mapipa, na sherehe ile ilikuwa ya kuwaondoa.

Mchoraji Velázquez alimchora muuza maji wa Sevilla yapata mwaka 1620. Picha hiyo iko Apsley House, London, na matone yanaonekana ubavuni mwa mtungi. Ni kazi kubwa mno. Hata hivyo, kwangu kigae kinasema zaidi juu ya uzito.

Alhamisi. Kazi nyingine iliyopotea huko ni ya sereno, mlinzi wa usiku aliyeshika funguo za milango ya mtaa mzima. Ukichelewa kurudi, unapiga makofi na kumwita, anakuja kukufungulia. Zamani alitangaza saa na hali ya hewa kwa sauti, na neno sereno, lenye maana ya anga tulivu, likawa jina lake.

Jumamosi. Wanoa visu wa Ourense, Galicia, walizunguka Hispania wakisukuma gurudumu lao na kupuliza filimbi. Walikuwa na lugha yao ya siri, barallete, ili mteja asiwaelewe. Asubuhi hii mnoa visu amepita mtaani kwetu na baiskeli yake, nikatoka na kisu cha jikoni. Alikanyaga pedali, jiwe likazunguka, cheche zikaruka hadi kwenye kandambili zangu. Ananoa visu vyetu mwaka wa sita sasa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza jina.

Msomaji, kama kwenu bado anapita mnoa visu, au muuza kahawa wa dele anayegonganisha vikombe, muulize jina lake na namna anavyoita wateja. Akikubali, niandikie. Ukurasa huu una nafasi yake.