CHUJIO LA HILONGA NA MADUMU YA KARIAKOO

Mwezi wa Juni, 2015, ndugu yetu Dkt. Askwar Hilonga alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, paundi 25,000, kutoka Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo kipindupindu kikazuka hapa Dar es Salaam. Twawaomba wanachama na wafanyakazi wayatazame mambo haya mawili kwa pamoja.

Ndugu Hilonga ni mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu. Huko kaskazini maji mengi yana floraidi iliyozidi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia na kupinda mifupa yao. Alikwenda Korea Kusini kusomea nanoteknolojia, yaani elimu ya vitu vinavyopimwa kwa nanomita, sehemu moja katika bilioni ya mita. Elimu iliyo jirani na hiyo iliwapa Sauvage, Stoddart na Feringa Tuzo ya Nobel ya 2016 kwa mashine za molekuli. Ni ajabu kubwa, ila bado haijamtekea mtu ndoo ya maji. Hilonga alirudi Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, akaunganisha mchanga wa kawaida na chembe hizo ndogo mno. Mchanga huzuia uchafu na vijidudu, chembe hunasa floraidi na metali nzito. Tena chujio laweza kurekebishwa kwa kufuata ubaya wa maji ya mahali penyewe.

Ubaya wa maji ya Kariakoo si floraidi. Ni visima vilivyo karibu mno na vyoo, na madumu ambayo mchukuzi na mama lishe huyanunua pasipo kujua yametekwa wapi.

Wako watakaosema, basi, chujio litoshe badala ya bomba. Hatukubaliani nao hata kidogo. Bomba ni haki ya mwananchi, wala mtaalamu asifanywe kisingizio cha uzembe wa wengine. Lakini kabla bomba halijafika, watu wanakunywa. Hilonga mwenyewe alianzisha vituo ambako asiyeweza kununua chujio hununua maji yaliyokwisha kuchujwa. Kwa nini vituo vya namna hiyo visimilikiwe na ushirika wa wachukuzi na wachuuzi wa Kariakoo, badala ya kumwachia tajiri mmoja? Matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yaanze kulijadili jambo hili. Na maji yapimwe kila mwezi, matokeo yabandikwe kwa Kiswahili mlangoni mwa soko.