Matatu za umeme: Nauli ndiyo mizani

Mjadala kuhusu magari ya umeme umekuwa kana kwamba unaihusu Nairobi pekee, ambako kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi yake mwaka 2022. Lakini je, swali hili halistahili kuulizwa kwanza Embu na Meru? Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamejengwa katika Mto Tana, mpakani mwa Embu. Kindaruma huzalisha umeme tangu 1968. Hata hivyo, matatu za Runyenjes na Nkubu zingali zinategemea mafuta yanayoletwa kwa meli hadi Mombasa. Tumekuwa kama mgema anayenunua tembo kwa jirani.

Wapinzani hutaja milima. Ni kweli kwamba barabara ya Embu hadi Meru hupanda na kushuka mabonde makali, likiwemo lile la Nithi, ambako ajali ya basi iliua zaidi ya watu 30 Julai 2022. Lakini gari la umeme linapoteremka, mota yake hulipunguzia kasi na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Hilo haliondoi haja ya breki nzima na dereva mwangalifu. Ila linaonyesha kwamba mlima si hoja ya kukataa.

Hoja nzito ni bei ya gari na kukatika kwa umeme. Hatujasahau usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipogubikwa na giza. Kwa hivyo, safari ndefu za Nairobi na zisubiri. Tuanze na safari fupi, Embu hadi Runyenjes na Meru hadi Nkubu, ambako gari hurudi mjini jioni. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi iliidhinisha bei ya Sh16 kwa yuniti ya kuchaji magari, na Sh8 saa ambazo matumizi ni haba, kabla ya kodi. Vyama vya ushirika vya wenye matatu vinunue magari kwa pamoja, nazo kaunti zitenge viwanja vya kuchajia katika vituo vya magari.

Neno matatu lenyewe lilizaliwa na nauli: sarafu tatu za senti kumi. Basi mageuzi haya yapimwe kwa mizani iyo hiyo. Iwapo umeme utampunguzia gharama mwenye gari huku mwalimu na mwanafunzi wakilipa nauli ile ile, tutakuwa tumebadilisha injini tu.