Ngege hawafi saa tisa mchana

Nilikuwa ziwani, na leo mada ni samaki. Msiondoke, kompyuta zimo.

Mjomba wangu anafuga ngege kwenye vizimba upande wa Kisumu. Kwa wasiofahamu, kizimba ni fremu ya chuma inayoelea juu ya mapipa, na chini yake unaning'inia wavu wenye samaki maelfu kadhaa. Tangu mwishoni mwa 2022, samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi sehemu hizo na watafiti wakaeleza kwamba oksijeni ilipungua mno majini, wafugaji hawalali vizuri. Mjomba akaniomba chombo cha kumwonya. Nikanunua kihisi cha oksijeni, nikakiunganisha na modemu ya laini ya simu, nikaandika programu. Ili betri idumu, nikakiamuru kipime mara mbili kwa siku: saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Mwezi mzima grafu ilipendeza, miligramu 6 au 7 kwa lita. Nikajipongeza.

Kisha simu ikaja. Mjomba alikuwa ameopoa ngege zaidi ya mia mbili, wamekufa.

"Mpwa wangu," akasema, "hawa wamekufa kabla ya jua. Hiyo mashine yako huamka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Programu haikuwa na kosa hata moja. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu niliiandika bila kujua samaki anapumuaje.

Hebu fikiria. Lita moja ya hewa ya Kisumu ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita ya maji ya ziwa yenye joto la nyuzi 25, hata yakiwa yamejaa oksijeni kutoka hewani, ina miligramu 7 na kidogo tu. Samaki anaishi kwa akiba ndogo namna hiyo. Mchana mwani wa kijani huongeza oksijeni kwa kutumia mwanga. Usiku mwani huohuo unapumua kama kila kiumbe, pamoja na samaki, bakteria na chakula kinachooza chini ya kizimba. Kwa hiyo kiwango hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na alfajiri. Upepo nao unaweza kuyainua maji ya chini ambayo hayana oksijeni. Kupima saa tisa mchana ni kama kuchunguza msongamano wa Thika Road saa tisa usiku, halafu uandike ripoti kwamba barabara ni nyeupe.

Samaki wenyewe wana mbinu zao. Kamongo ana mapafu, na akiwa mkubwa hutegemea hewa kiasi kwamba ukimzuia kufika juu atakufa maji. (Ndiyo, samaki.) Mumi ana kiungo chenye matawi kama kichaka juu ya matamvua, anachotumia kuvuta hewa, ndiyo maana unamkuta hai sokoni baada ya saa nyingi ndani ya beseni. Kule ziwa Nabugabo, Uganda, watafiti wamekuta samaki wadogo, jamaa wa ngege, wanaoishi ndani ya vinamasi vya mafunjo ambako oksijeni ni haba sana, na matamvua yao ni makubwa kuliko ya ndugu zao wa maji wazi. Kinamasi hicho huwapa pia hifadhi: mbuta, aliyeletwa katika maziwa haya miaka ya 1950 na 1960 na kula samaki wengi wa asili, hawezi kuwafuata huko kwa kukosa pumzi.

Ngege hana mapafu. Damu yake hunasa oksijeni hata ikiwa kidogo, na hali ikizidi hupanda juu akavuta ile safu nyembamba ya maji inayogusa hewa. Lakini mbinu yake ya kwanza ni rahisi: huhama. Maji yakiwa mabaya hapa, anakwenda kule.

Sisi tukamwekea wavu.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa teknolojia. Tunawauzia wafugaji vihisi na grafu za rangi kana kwamba grafu inaongeza oksijeni. Mfadhili akija huonyeshwa skrini, anapiga picha, anaondoka. Onyo la saa kumi alfajiri lina faida gani kwa mtu asiye na pampu ya hewa, mwenye samaki waliosongamana kwa sababu mkopo unamdai? Ningekuwa na pesa za mradi, ningeanza na pampu, kupunguza samaki katika kila kizimba, kuvisogeza palipo na kina na mkondo, na kuacha kulisha hali ikiwa mbaya, maana samaki anayeyeyusha chakula huhitaji oksijeni zaidi. Kihisi kingekuja baadaye. Najua nauza vihisi. Nasema hivyohivyo.

Nimeibadilisha programu. Sasa inapima kila dakika kumi kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, katika vina viwili, na mjomba amenunua pampu ya mitumba. Wiki jana SMS ya kwanza ya hatari ilitoka saa kumi na dakika ishirini alfajiri: miligramu 2.4. Nikampigia mbiombio.

Pampu ilikuwa inanguruma tayari. Mlinzi wake alimulika tochi kwenye kizimba, akaona midomo imejaa juu ya maji, akaiwasha. Alikuwa ametangulia SMS yangu kwa robo saa.