Duka la AC Unalipa Kimya, Mama wa Nazi Unampigia Kelele

Wasee, leo najianika mwenyewe. Hii si ile posti ya "vitu kumi vya kufanya Jamaica". Hii ni ya mtu aliyeenda Jamaica, akamfokea mama wa watu kando ya barabara kwa sababu ya chenji, halafu akagundua kwamba kama kuna mtu alimlia pesa siku hiyo, hakuwa yule mama. Kama unapanga kusafiri, soma. Kama hupangi, soma pia, maana najua vile unaongea na mama mboga wako.

Iko hivi. Binamu yangu alikuwa anafunga ndoa Negril. Mimi na Shangazi tukatua Montego Bay, uwanja wa Sangster, miguu imefura kwa kukaa ndegeni. Kutoka pale hadi Negril ni kama kilomita 80, saa moja na nusu hivi, na barabara inafuatana na bahari upande wa kulia. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo nilijiona niko nyumbani kabisa. Usafiri tulikuwa tumeulipia mapema mtandaoni: van nyeupe yenye AC, wageni wengine sita ndani, na dereva ameshika karatasi yenye jina la Shangazi limeandikwa visivyo.

Sasa pesa. Shangazi alikuwa amebadilisha zake Nairobi, akabeba dola za Marekani, noti safi kama zimepigwa pasi. Nikamuuliza kama tubadilishe kidogo pale uwanjani tupate pesa ya Jamaica. Akaniangalia tu.

"Ya nini? Dola ni dola. Inakubaliwa kila mahali."

Nikanyamaza, kwa sababu kila video niliyotazama kabla ya safari ilisema hivyo hivyo. Na ni kweli, inakubaliwa. Mtego uko hapo.

Dakika kama ishirini barabarani, dereva akasema tutasimama kidogo tunyooshe miguu. Tukaingia kwa duka kubwa la kando ya barabara. AC, choo safi, fulana za Bob Marley zimepangwa mpaka dari, muziki kwa spika. Bei zote kwa dola za Marekani. Tukachukua soda mbili, chupa ya maji na pakiti ya krisps za ndizi: dola 16. Hiyo ni zaidi ya thao mbili zetu! Nikalipa. Nikasema asante. Nikatabasamu hata. Baadaye nilinunua soda ileile kwa duka la mtaani Negril kwa dola 200 za Jamaica, yaani kama shilingi 160. Lakini pale kwa AC sikuuliza kitu. Hakuna aliyeuliza. Dereva naye alikaa kando anakunywa kitu baridi bila kulipa, na sisi watoto wa Kenya tunajua hiyo inamaanisha nini.

Kabla ya Lucea, Shangazi akaona mama mmoja na rundo la nazi changa chini ya mwavuli. Akaomba dereva asimame. Wale wageni wengine wakaanza kuguna. Mmoja akasema kwao hotelini kila kitu kimeshalipiwa, kusimama ni kupoteza muda. Mwingine akauliza kama hapo ni salama. Dereva akasimama hata hivyo.

Mama akachukua panga, mapigo matatu, nazi imefunguka. Ya pili hivyo hivyo. Nikauliza ngapi. Akasema, "Eight bill." Mimi kichwani nikasikia dola nane za Marekani. Nikampa noti ya ishirini ya Shangazi, nikangoja chenji yangu ya dola kumi na mbili.

Akafungua mkebe wake, akahesabu polepole, akanipa noti tatu za rangi rangi. Moja ya 2000 na mbili za 100.

Nikawaka. Manze, niliwaka. Nikamwambia nimempa dola ishirini, pesa halisi, asinirudishie makaratasi. Ndiyo, nilisema hivyo. Makaratasi. Sauti juu, wageni wamechungulia dirishani, mmoja ameshatoa simu. Yule mama hakunijibu. Alinitazama tu, mkebe uko wazi mkononi, na nikaona ndani yake hakuna noti iliyobaki, ni sarafu tupu.

Dereva akashuka. Hakukasirika, alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeona hii sinema mara nyingi. Akanielezea. Jamaica, "bill" ni mia moja ya kwao. "Eight bill" ni dola 800 za Jamaica, 400 kila nazi. Dola moja ya Marekani ni kama 160 za Jamaica. Mama alinihesabia kwa 150, kama wengi wa barabarani, kwa sababu yeye ndiye atahangaika kwenda kuibadilisha. Ishirini mara 150 ni 3000. Toa 800. Inabaki 2200.

Sasa piga hesabu nawe. 2200 za Jamaica ni karibu dola 14 za Marekani. Mimi nilikuwa napigia mtu kelele anipe 12.

Alikuwa amenirudishia ZAIDI ya nilichodai. Na alikuwa amemaliza chenji yake yote kunirudishia.

Na uchungu zaidi: mimi ni mtu wa Nairobi. Mia ni soo, elfu ni thao, ishirini ni mbao. Mtu akiniambia "soo nane" najua ni mia nane hata nikiwa usingizini. Lakini ilipotoka kwa mdomo wa mama wa Jamaica, sikufikiria kwamba naye ana mtaa, ana lugha ya pesa. Nilidhani ulimwengu wote unahesabu kwa dola zilizokuwa kwa mkoba wa Shangazi.

Nilipokaa nikaziangalia zile noti vizuri, nikaona aibu upya. Zile mbili za 100 zina sura ya Marcus Garvey. Garvey! Yule ambaye tunachora kwa matatu, tunavaa kwa fulana, tunaimba jina lake bila kujua alizaliwa wapi. Alizaliwa St Ann's Bay mwaka wa 1887, kisiwa hicho hicho. Na ile ya 2000, iliyotoka mwaka wa 2023, ina Michael Manley na Edward Seaga, wale mahasimu wa siasa ambao Bob Marley aliwashikanisha mikono jukwaani Kingston mwaka wa 1978. Mimi ninayejiita shabiki wa rege tangu utotoni nilishikishwa historia yote ya rege mkononi, nikaiita makaratasi.

Sasa wacha niseme nilichokuja kusema.

Kulipa dola ya Marekani kando ya barabara si ujanja wa msafiri. Ni uvivu, na kuna mtu analipia uvivu wako. Kwa duka la AC unalipa wewe, kwa sababu bei imeundwa kwa dola na hauna cha kulinganisha nacho. Kwa kibanda analipa mama, kwa sababu yeye ndiye unamwachia kazi ya kubadilisha noti yako, kutafuta chenji, na kuvumilia kelele zako ukikosea hesabu. Jamaica ina pesa yake tangu 1969, na ilipoanza, dola moja yao ilizidi dola moja ya Marekani. Shilingi yetu nayo ilianza 1966, saba na kidogo kwa dola. Sote tumeona pesa yetu ikishuka. Kwa hivyo Mkenya kufika kwa watu na kudharau pesa yao ni kujicheka kwenye kioo.

Na usiniambie "Karibi ni dola tu". Dola gani? Bahamas, dola yao ni sawa na moja ya Marekani. Barbados, mbili ni moja. Visiwa vya mashariki kama Antigua na St Lucia vinatumia dola yao ya pamoja, 2.70 kwa moja tangu 1976. Jamaica ndiyo hiyo kama 160. Jina moja, alama ile ile ya $ ukutani, pesa tofauti kabisa. Usipouliza "dola ya nani?" kabla ya kununua, kosa ni lako.

Najua mtasema: lakini hao madereva si wanakula komisheni? Ndiyo, wengine wanakula. Sijaenda huko kuwa polisi wa mtu anayetafuta unga. Nenda barabara ya Mara, pale juu kwenye mandhari ya Bonde la Ufa, uone van za watalii zimesimama kwa maduka ya vinyago "kwa sababu ya choo". Bei za vinyago ni za dola, dereva anapata chai yake, na yule mama anayeuza mahindi choma mita hamsini mbele haoni hata senti. Tumeufanya mchezo huu miaka mingi. Tofauti ni kwamba siku hiyo mimi ndiye nilikuwa mzungu.

Shida yangu si kusimama. Kusimama ndiyo sehemu pekee ya safari ile ambapo pesa yako ingeweza kuingia mkononi mwa mtu bila kupitia hoteli. Wale wageni waliolipia kila kitu kabla ya kutoka kwao walikuwa wanapita Jamaica kama bomba la maji: wanaingia Montego Bay, wanatokea bwawa la kuogelea Negril, hakuna tone limeanguka njiani. Halafu wanaogopa watu ambao hata hawajawasalimia. Ukiuliza kwa nini, wanasema usalama. Sawa, usalama upo. Usibadilishe pesa na mtu wa njiani, usihesabu noti hadharani, panda gari lenye nambari nyekundu, ndiyo ya abiria iliyosajiliwa. Lakini mama mwenye nazi na mwavuli, mchana kweupe, dereva wako akimjua kwa jina, ni hatari gani hiyo?

Basi ukienda, fanya hivi. Pale uwanjani badilisha kidogo tu ya kukufikisha, kwa sababu bei ya uwanja si nzuri. Nyingine utabadilisha kwa cambio mjini, ndivyo wanavyoita forex. Mashine ya ATM ikikupa kuchagua, chukua pesa ya Jamaica. Ukilipa kwa kadi na kile kifaa kikuulize unataka kukatwa kwa dola ya Marekani au ya Jamaica, chagua ya Jamaica, la sivyo wanakuhesabia kwa bei yao wenyewe. Omba noti ndogo, za 100 na 500, kwa sababu hakuna muuza nazi anayeweka benki ndani ya mkebe. Na kabla gari haijatoka uwanjani, mwambie dereva maneno haya: "Nipeleke pale unapokula wewe." Akikupeleka, mpe kitu chake mkononi, bila kupitia kwa soda ya bei ya juu.

Yule mama? Shangazi ndiye aliyenishusha tena kwenye gari. "Nenda umwombe msamaha. Mimi sikukulea hivyo." Nikaenda. Nikasema pole. Nikataka kumwachia ile 2000, nadhani ili nijisikie vizuri. Akakataa. Akasema nazi ni 400, nimeshalipa. Kisha akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa anangoja, mwanafunzi mwenye yunifomu, aliyelipa kwa noti zake ndogo bila neno hata moja.

Nimerudi Nairobi, na sasa siwezi kuacha kuona. Tunalipa kahawa ya mia nne pale mall bila kuuliza, na tunaongeza ya mhudumu juu. Halafu tunashuka mtaani, sukuma wiki ya mbao, na tunamwambia mama mboga, "Si uniongezee dhania?" Ya bure. Kila siku. Na akisema leo hapana, tunamwita mchoyo.

Lipa dhania, wasee.