MTOTO WA RELI NA MWALIMU MKUU WAKE



Katika mikutano yetu twasema sana habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Ni haki yetu kusema. Lakini liko jambo moja ambalo halijaandikwa katika madai yetu, nalo ni kuhamishwa kwa mfanya kazi katikati ya mwaka wa shule.

Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na landi zetu alisema na wazazi siku ya kufunga shule. Alisema furaha ya kazi yake si siku ya mtihani, bali ni kumwona mtoto yule yule mwaka baada ya mwaka. Huingia nasari akilia, ameshika penseli kwa ngumi kama mtu ashikaye nyundo. Akifika gredi ya 3 awasomea wazee barua. Gredi ya 6 awavusha wadogo njia ya reli. Gredi ya 9 asimama mbele ya watu na kusema bila kutetemeka. Kisha mwalimu akatuambia, "Lakini watoto wenu wa reli nawaanza, siwamalizi." Neno hilo lilituchoma.

Wazee wetu walikuwa na shida nyingine. Kwa mpango wa Beecher wa mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4, akafanya mtihani, na wengi waliishia hapo. Leo ngazi ni ndefu: miaka 2 ya nasari, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari ya juu. Tena tangu mwaka 2023 gredi ya 7 mpaka ya 9 zimo katika shule za msingi. Basi mwalimu mkuu mmoja aweza kumlea mtoto miaka 11.

Wengine watasema mtihani ndio upimao yote. Sivyo. Mwaka 2025, watoto wa kwanza waliomaliza gredi ya 9 walipimwa hivi: 60 kwa mia mtihani wenyewe, 20 kwa mia mtihani wa gredi ya 6, na 20 kwa mia kazi walizofanya shuleni katika gredi ya 7 na ya 8. Mzazi akipewa barua ya kuhama mwezi wa Juni, mtoto huacha kazi nusu, na mwalimu asiyemjua ndiye atakayempima.

Twajua gari la moshi halingojei kengele ya shule. Mtu akiugua au ajali ikitokea, lazima mwingine aende upesi. Hatukatai uhamisho. Lakini uhamisho mwingi hujulikana mapema, nao waweza kupangwa. Kwa hiyo twaomba chama chetu kidai mambo matatu:

1. Uhamisho usio wa dharura ufanywe mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa.

2. Mwenye watoto shuleni apewe habari muhula mmoja mbele.

3. Anayelazimika kuondoka kabla ya Desemba, jamaa yake wasitolewe katika nyumba mpaka mwaka wa shule uishe.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Kabla ya kufunga mizigo, mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, achukue barua ya kuhama na habari zote za maendeleo ya mtoto, azipeleke kwa mwalimu mpya kwa mkono wake.

Mche unaong'olewa kila masika hudumaa, hata udongo ukiwa mzuri. Makatibu wa matawi walete jambo hili katika mkutano ujao, na kila mwenye mtoto afike.

Umoja ni nguvu.