Maji Meupe, Klorini Haba: Tahadhari kwa Wenye Mabwawa Karatu na Ngorongoro

Katika mji wa Karatu na kando ya barabara iendayo lango la Lodoare, bwawa la kuogelea limekuwa jambo la kawaida katika nyumba za wageni, na sasa laonekana hata katika makazi ya watu binafsi. Pale ambapo maji ya bomba hayatoshi, bwawa hujazwa kwa maji ya kisima kirefu. Maji hayo huweza kutoka yakiwa meupe kabisa, kisha yakageuka rangi ya chai mara tu yanapotiwa klorini. Mwenye bwawa hushtuka, huilaumu klorini, na siku zifuatazo hutia kidogo tu ili rangi isirudi. Uamuzi huo unaeleweka, lakini kwa jicho la tiba ni wa hatari. Madini yaondolewe kwa njia zake; klorini isipunguzwe kwa ajili ya rangi.

Chanzo cha rangi hiyo si fumbo. Maji yaliyo chini sana ardhini huwa na oksijeni kidogo, na katika hali hiyo chuma huyeyuka ndani yake bila kuonekana. Kikikutana na hewa au klorini hugeuka kutu laini ya kahawia. Manganizi huacha weusi, na shaba huleta ukijani katika maji na madoa kwenye kuta. Mara nyingi shaba haitoki kisimani: hutoka katika mabomba ya kupashia maji yanayoliwa na maji yenye tindikali nyingi, au katika dawa za kuua mwani. Visima viwili vya jirani vyaweza kutofautiana sana, hivyo hakuna mbadala wa kipimo.

Hesabu ndogo itasaidia kuondoa hofu. Bwawa la nyumbani lenye lita 50,000 za maji yenye miligramu 1 ya chuma kwa lita lina gramu 50 tu za chuma. Kuzigeuza zote kuwa kutu kunahitaji takriban gramu 32 za klorini, yaani gramu 50 hivi za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65. Kwa hiyo chuma chenyewe hakili klorini nyingi kama inavyodhaniwa. Kinachoacha bwawa bila kinga ni hofu ya mwenye bwawa, pamoja na jua kali la nyanda hizi, ambalo huweza kumaliza klorini isiyo na kikingajua katika muda wa saa chache.

Lipo pia suala la magadi. Maji mengi ya ukanda wa Bonde la Ufa yana asili ya magadi, na ziwa lililomo ndani ya kreta ya Ngorongoro ni ushahidi wa wazi. Maji ya namna hiyo huwa na pH ya juu. Katika pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu. pH ikifika 8.5, hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Mtu aweza basi kupima klorini, akaona kiasi cha kuridhisha, ilhali sehemu kubwa yake ni dhaifu. Kupima klorini bila kupima pH ni kufanya nusu ya kazi.

Kiwango kinachopendekezwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani ni klorini huru isiyopungua miligramu 1 kwa lita, au 2 ikiwa kikingajua kimetumika, na pH kati ya 7.0 na 7.8. Katika hali hiyo bakteria wengi wa kuhara hufa ndani ya dakika chache. Klorini ikikosekana, mwogeleaji mmoja mwenye kuhara aweza kuwaambukiza wengine wanaomeza maji hayo, na bakteria aina ya Pseudomonas huzaliana na kuleta maumivu ya masikio na vipele vya ngozi. Kimelea cha Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya wiki moja hata katika bwawa lililotiwa klorini ipasavyo, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, huleta kuhara kwa muda mrefu kunakoweza kuhatarisha maisha. Kwa sababu hiyo mwenye kuhara asiingie bwawani hata kama klorini inatosha.

Madhara haya ni rahisi kutoonekana. Mgeni hulala Karatu usiku mmoja au miwili, hushuka kreta, kisha huendelea na safari. Dalili za Cryptosporidium kwa kawaida huanza baada ya wiki moja hivi, naye akiwa Serengeti, Zanzibar au amesharudi kwao. Zahanati ya Karatu haitamwona. Wanaobaki ni watoto wa mwenye nyumba, wafanyakazi wanaosafisha bwawa na majirani wanaoalikwa siku za sikukuu. Hao ndio wanaolipa gharama ya maji meupe.

Husemwa kwamba klorini huumiza macho na hunuka. Harufu kali ya bwawa hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na mara nyingi ni dalili kwamba klorini huru imepungua. Kuipunguza zaidi kwa sababu ya harufu ni kuongeza tatizo.

Njia iliyo sahihi haihitaji utajiri. Kwanza, maji ya kisima yapimwe chuma, manganizi na shaba katika maabara ya ubora wa maji kabla ya kujaza bwawa. Pili, yenye chuma yapitishwe kwenye tangi, yakimwagwa kutoka juu kama mvua ili yapate hewa, yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa mchanga. Tatu, kama bwawa limekwisha kujazwa, waogeleaji wazuiwe, pH ishushwe hadi karibu 7.2, klorini itiwe kwa ukamilifu na rangi iachwe itokee; kisha shabu na chujio vikusanye kutu, na masimbi ya chini yafyonzwe na kutolewa nje. Dawa za kufunga madini huficha rangi kwa muda tu, na zinapochakaa madini hujitokeza tena. Ikumbukwe pia kwamba jua na upepo hukausha maji na kuacha madini nyuma, hivyo kila nyongeza ya maji ya kisima huongeza mzigo. Klorini na tindikali zisichanganywe wala kuhifadhiwa pamoja, kwa kuwa hewa itokayo huharibu mapafu.

Mhudumu wa afya ana nafasi yake. Mgonjwa mwenye kuhara, sikio linalouma au vipele aulizwe kama ameogelea, wapi na lini. Wagonjwa wawili wa bwawa moja katika wiki moja ni sababu ya kutosha ya kumjulisha afisa afya. Mgonjwa naye asingoje kuulizwa.

Somo hili lavuka ukuta wa bwawa. Kaya inayotia WaterGuard katika ndoo ya maji ya kisima, ikaona ukahawia, yaweza kudhani dawa imeharibika na kuiacha, hata wakati wa kipindupindu. Ielezwe kwamba rangi hiyo ni chuma kilichokuwamo tangu awali: maji yatuame, yachujwe, kisha yatiwe dawa upya. Wakazi wa kaskazini wanajua kwamba floridi isiyoonekana wala kuonjeka hutia meno ya watoto madoa ya kudumu. Watu waliokwisha kujifunza hilo kwa meno ya watoto wao hawana sababu ya kuyaamini maji kwa weupe wake.