Shairi haliishi kwa makofi pekee

Tuseme ukweli, vijana wenzangu. Beshte akikusomea shairi lake pale maskani, wewe humwambia nini? "Umeweza!" "Moto sana, ndugu yangu!" Kisha mnarudi kwenye stori za mpira. Naye anakunja karatasi yake na kuitia mfukoni akidhani amesikizwa. Wapi! Amepigiwa makofi tu.

Huku ng'ambo ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, vijana wanaotunga si haba. Tunachokosa ni watu wa kukaa nasi wayajadili mashairi yenyewe.

Chukua mfano huu. Kijana wa Mtongwe ameandika: "Feri imejaa watu, bahari imetulia." Hesabu mizani: nane mwanzo, nane mwisho. Safi kabisa. Lakini rafiki wa kweli atamwuliza, "Sasa hapo umeniambia nini? Kila anayevuka Likoni anajua feri hujaa. Wewe umemwona nani humo ndani?" Kijana atanuna kidogo, atamaliza kahawa yake, kisha wiki ijayo atarudi na huu: "Mama kabeba mchicha, mwana kalala begani." Mizani ni zile zile, ila sasa tunamwona mtu. Swali moja la rafiki limefanya kazi ambayo makofi mia yasingeifanya.

Wala hili si jambo geni Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka wa 1840, alitunga kuhusu mapenzi, maisha ya mji na siasa za Mombasa na majirani zake, na alijibizana kwa mafumbo na malenga wa upande wa pili. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, watu walikuwa bado wanayo mashairi yake vichwani, na ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Shairi lililobishaniwa halisahauliki upesi.

Najua kuna atakayesema kukosolewa kunavunja moyo. Ni kweli, ikiwa mnakejeli. Kwa hivyo tuwekeane utaratibu. Shairi lisomwe mara mbili. Msikilizaji aseme kwanza amesikia nini, kisha aulize swali, halafu ndipo aguse vina na mizani. Mtunzi anyamaze hadi wenzake wamalize. Na tusigombanie vina hadi tukaacha kusalimiana. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, ilitoka 1973 ikiwa na vina na mizani yake. Kichomi cha Kezilahabi kilitoka 1974 kikaviacha. Leo vitabu hivyo viwili vinakaa rafu moja. Sisi tutashindwaje kukaa kibaraza kimoja?

Kuna jambo lingine zito zaidi. Vijana watano tukikaa pamoja jioni, kuna wanaotuona genge. Siwalaumu wazee wetu wa Kisauni na Likoni, maana magenge ya mapanga yamewatia watu hofu ya kweli. Sisemi shairi litamnyang'anya mtu panga. Lakini kijana aliyezoea kuambiwa "hapa umekosea" mbele ya wenzake, akavumilia, akaenda kurekebisha, amejifunza kitu ambacho wengi wetu hatujui: kupingwa si kutukanwa.

Na wasichana je? Wengi wanatunga, ila maskani zetu haziwakaribishi. Basi tukutane mchana, mahali ambapo mzazi hatakuwa na wasiwasi bintiye akija. Tukijadili maisha ya mtaa bila wao, tunajadili nusu ya mtaa.

Hatuhitaji jukwaa wala mfadhili. Yatosha kibaraza, birika la kahawa, kashata, na watu wanne au watano walio tayari kuambiana ukweli bila kuvunjiana heshima. Jumamosi hii mwite beshte wako mmoja mwenye daftari. Akimaliza kusoma, zuia mikono yako kidogo, umwulize swali.

Na kama hukubaliani nami, nijibu. Kwa beti ukiweza.